Kabla hamjaivunja nyumba ya baba

Mdogo wangu,

Assalam aleykum. Natumai hamjambo wote hapo nyumbani. Shangazi miguu inaendeleaje? Mfikishie shikamoo yangu na umwambie dawa ya kuchua nimeshampa mtu anakuja mwezi ujao, ni ya kupaka sio ya kunywa, maana namjua yule. Mie huku Reading, Uingereza, mzima alhamdulilahi, baridi imeshaanza kututia adabu ila hita inafanya kazi, na kazini si nimeshastaafu, sasa nalala mpaka nachoka kulala.

Meseji yako ya kwenye grupu la familia kuhusu nyumba ya baba ya Kariakoo, kwamba kuna bwana anataka ivunjwe ajenge ghorofa atupe fremu mbili na flati, nimeiona. Sikujibu pale makusudi, manake pale ukiandika neno moja wajomba wanadakia, huyu anatuma dua ya Ijumaa, yule anatuma video ya mtu anaanguka, mwisho jambo lenyewe linapotelea huko. Ndo maana nakuandikia wewe barua kabisa. Jibu langu la nyumba lipo huko chini, na usirukie mwisho nakujua.

Kilichonikalisha kuandika lakini sio wewe, ni mwanao wa kiume. Aliandika pale, labda alisahau kama nami nimo, eti "babu kakaa katikati ya Kariakoo miaka yote ile kwenye kibanda cha udongo, alifaidi nini?" Nikacheka, nikanuna, nikacheka tena. Sio mtoto mbaya, kapiga hesabu zake tu, kiwanja pale siku hizi ni hela ya kutisha na babu yake kafa hana hata baiskeli. Haya, sasa msomee hii barua yote, na kule kwenye mambo ya bugi, lile dansi letu la mchana, ukiona aibu paruke.

Mwambie kwanza ile nyumba tulikaa watu wengi sana. Vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, korido imenyooka toka mlango wa barazani mpaka uani, sakafu ya sementi nyekundu ambayo mama alikuwa anatusugulisha kwa kumbi la nazi kila Jumamosi mpaka magoti yakaota sugu. Sisi vyumba viwili, vinne wapangaji. Chumba cha mbele yule mzee wa Kimanyema fundi cherehani, anashona barazani huku masikio yote yapo njiani, ukitaka kujua nani kafumaniwa Gerezani jana we mpelekee suruali ya kupunguza. Pembeni yake dada wa Kichaga aliyekuwa kiwanda cha Urafiki kule Ubungo, mwisho wa mwezi anarudi na vipande vya kitenge, basi nusu ya watoto wa mtaa tukawa tunavaa sare bila kupangiwa. Kule nyuma Mndengereko wa mkaa na mkewe, na mwalimu wa Kihaya aliyekuwa anatusahihisha Kiingereza tunaosha vyombo. Bomba moja. Choo kimoja. Foleni ya choo asubuhi ilikuwa na itifaki zake, mwenye kuwahi bandarini anatangulia, mwenye tumbo la kuendesha anapita bila kuomba, na mwalimu wa watu siku zote wa mwisho kwasababu alikuwa na haya.

Na mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majumba yaliyozidi thamani ya shilingi laki moja yakaenda kwa Msajili wa Majumba, wenye maghorofa kule mjini walilia machozi, baba yeye alikaa barazani na kahawa yake. Nani angekuja kuthaminisha udongo na boriti? Mwambie mwanao hiyo ndo faida ya kwanza ya kibanda, tulibaki nacho.

Halafu kitu ambacho hawa watoto hawakielewi, ndani sisi tulikuwa tunaingia kulala tu. Maisha yalikuwa nje. TV huko bara hatukuwa nayo mpaka 1994, wenzetu Zanzibar wanaangalia ya rangi tangu miaka ya 70 mwanzoni, sisi tuna redio moja ya baba, National, betri zikilegea tunazianika juu ya bati zipate jua halafu zinapiga siku mbili tatu zaidi. Ile ngoma ya RTD, Redio Tanzania, ya taarifa ya habari saa mbili usiku ikilia tu, barazani kimya, hata wacheza bao wanashika kete mkononi. Na zile kadi za salamu je, mtu anakaa Magomeni anamsalimia mtu wa Ilala kwa kupitia redio ya taifa, na mwenye kusalimiwa akitajwa mtaa mzima unampigia makelele utafikiri kashinda bahati nasibu. Muuza kahawa anapita na dele lake anagonga vikombe, mama mmoja ana mihogo ya kukaanga, mwingine kachori, mwingine bagia, ukiwa na sumni mfukoni we mtu. Soko jipya lilipofunguliwa Desemba 1975 tukawa tunakwenda kulishangaa tu, ile paa ya zege iliyochanua juu, na kule shimoni kulivyokuwa na ubaridi mchana wa jua kali, mama anaagiza nazi mbili mimi nachukua saa nzima kumbe nimesimama shimoni napunga upepo. Na aliyelichora ni Mtanzania, Beda Amuli, baba alikuwa anapenda sana kuwaambia wageni hilo, anawaambia hata kabla hawajakaa. Lilipoungua Julai 2021 nililia hapa jikoni peke yangu, watoto wangu wanauliza mama kuna msiba, nikawaambia soko limeungua, wakaangaliana.

Haya tuje kwenye bugi.

Mwaka 1969 hapo Dar mkuu wa mkoa alipiga marufuku muziki wa soul, na kabla ya hapo vijana wa TANU Youth League walikuwa wanafukuzana njiani na wasichana wa vimini na mawigi na wavulana wa suruali za kubana, Operesheni Vijana. Wakati ule mie kadogo, nilikuwa nachungulia tu mlangoni. Zamu yangu ilipofika, katikati ya miaka ya 70, soul ilikuwa imesharudi kimyakimya na suruali ndo zikawa pana balaa, pekosi, mtu akipita Mtaa wa Msimbazi anaufagia. Afro kichwani, chanuo la kutengeneza kwa spoku za baiskeli limechomekwa nyuma linaning'inia, na viatu raizoni, mtu mfupi anapanda ghafla. Sisi wasichana tukitaka nywele zilale ni chanuo la moto, unaliweka kwenye jiko la mafuta ya taa, unalifuta na kitambaa, unapaka mafuta ya nazi unavuta, nywele zinatoa moshi na ule mlio wa tsss, na ole wako utikisike. Alama ya kwenye sikio langu la kushoto unayoijua, hiyo ya Jumapili moja nilikuwa na haraka.

Bugi lenyewe ni Jumapili mchana, bendi za vijana wenyewe kwa wenyewe, Arnautoglu pale Mnazi Mmoja au popote penye ukumbi, linaanza jua linawaka linakwisha kabla ya magharibi, kwahiyo kila mtu anakuwa nyumbani taa zinawashwa na hakuna kesi. Mie nilikuwa natoka na buibui. Baba anajua naenda kwa shangazi Ilala. Ndani ya buibui gauni linaishia magotini, mkononi kikapu, kwenye kikapu raizoni zimefungwa na khanga kuukuu, juu yake nimeweka msahafu (Mungu anisamehe). Nafika kwa rafiki yangu Mtaa wa Swahili buibui linakunjwa, kikapu kinasukumwa uvunguni, dakika kumi tupo barabarani. Na wewe, mtoto wa miaka kumi, ulikuwa unajua kila kitu. Nilikuwa nakuhonga lambalamba moja unyamaze, mara ukataka mbili, mara ukataka na hela ya kishada, ulikuwa mtoto mwenye tamaa wewe, mwambie na hilo mwanao.

Siku baba alipojua, manake mji ule ulikuwa mdogo na fundi cherehani hakuwahi kushindwa kujua kitu, nilirudi na buibui langu na kikapu changu nikamkuta kakaa barazani na yule mzee. Nikajua leo nauliwa. Akaniangalia toka juu mpaka chini akauliza, "Hiyo bendi ilikuwa nzuri?" Basi. Hakusema zaidi mpaka leo kaburini. Ni mama aliyekuja kuniambia miaka baadaye kwamba mzee enzi zake alikuwa mpenzi wa Dar es Salaam Jazz, alikuwa anakwenda Arnautoglu hiyohiyo kwa suti ya kuazima.

Nilipokuwa mkubwa wa kuaga, nikaingia kwenye dansi lenyewe. Mwaka 1978 ilipoanzishwa bendi ya Mlimani Park, ndo Sikinde, na wakubwa kina Gurumo na Bitchuka wakahamia huko toka Juwata, ndo Msondo, jiji lilikatika vipande viwili, kuna nyumba mke Sikinde mume Msondo na hawasemeshani mpaka Jumatatu. Mimi na shemeji yako tulikuwa Sikinde, ukumbi wa DDC Kariakoo, tunatoka nyumbani kwa miguu. Watu nusu ya kwanza wanakaa kabisa kusikiliza, sio kucheza, manake nyimbo zilikuwa kesi za ndoa, kesi za mirathi, mtu kamuacha mwenzie kwa ajili ya ndugu, unasikiliza maneno na bia yako moja ya Safari mpaka inapata joto, halafu magitaa yakibadilika, hiyo chemka sasa, ndo unaona wazee wa heshima wamesimama wanakata viuno. Wengine walikuwa kwa Maquis kule Ubungo White House wanacheza kiKongo, wengine kwa Remmy, wengine kwa Marijani. Kila wiki hela ya kwenda hatuna na kila wiki tunakwenda, usiniulize vipi.

Sinema nitaipitia harakaharaka kwasababu hiyo wewe unaijua kuliko mimi, Empire, Avalon, Odeon, Empress, wewe na wenzio mkitoka kwenye picha za Bruce Lee mnavunja mifagio ya mama mnatengeneza zile fimbo mbili za mnyororo, ukajipiga nazo mwenyewe kwenye jicho, sisi tukitoka kwenye picha la Kihindi macho mekundu ncha ya khanga imelowa. Ila Drive-In, ile sinema ya kuangalia ukiwa ndani ya gari, lazima niiseme. Msasani kule ilikuwa mbali, mji umekwisha unaingia gizani, na mjomba ana Peugeot 404 ya ofisini. Mbele watu wazima watatu wamekaa kwa adabu, kwenye buti tumo sisi wanne tumefunikwa khanga tunabanana pumzi, maana pale getini wanahesabu vichwa. Tunaruhusiwa kutoka taa zikizimwa. Nakumbuka harufu ya tairi la akiba na ya mtu mmoja aliyekula kitunguu, sitamtaja lakini anasoma barua hii. Siku hizi pale pamekuwa ubalozi wa Marekani, walihamia baada ya ule wa zamani kulipuliwa mwaka 1998, nilipita na mwanangu nikamwambia mie hapa niliingia ndani ya buti, akasema mama punguza sauti askari wanatuangalia.

Mpira sasa. Najua hapa unataka niruke. Tarehe 19 Julai 1977, Simba sita, Yanga bila. Kibadeni peke yake matatu. Baba alikwenda uwanjani, akarudi kwa miguu toka Uwanja wa Taifa mpaka Kariakoo na viatu kavishika mkononi, hakumbuki kwanini kavivua. Wewe uliingia chini ya kitanda ukakataa kula, na nyumba nzima ilikuwa inakubembeleza huku inacheka, hata yule mwalimu wa Kihaya ambaye mpira hakuwa anaujua alikuja akainama akakuambia "itarudi". Haijarudi mpaka leo mdogo wangu, hahaha. Mwaka 1979 pia umwambie kijana, Simba kapigwa nne bila hapohapo Dar na Mufulira Wanderers ya Zambia, watu tukaweka tanga, ikaenda Lusaka ikashinda tano bila. Hiyo tuliisikiliza kwenye ile redio ya betri za juani, na betri zikawa zinakufa goli la tano, baba anaipigapiga mgongoni kwa kiganja anaiambia kidogo tu mama, kidogo tu.

Sasa kijana asije akasema mie shangazi yake napamba. Nitamwambia na upande wa pili, manake huku nje nakutana na watu wa umri wangu kwenye arusi na mahitma, wakianza "enzi zetu" utadhani tulikuwa peponi. Peponi gani ya kufulia majani ya mpapai?

Tulitoka kwenye vita ya Kagera mwaka 1979, Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda miezi 18, tukafunga, miezi 18 ikapita na mkanda ukaongezwa tundu. Sabuni hakuna, tunachuma majani ya mpapai tunapondaponda yanatoa povu la kijani unafulia. Dawa ya meno mkaa na chumvi. Sukari kwa balozi wa nyumba kumi na daftari lake, siku ikisikika imekuja duka la ushirika unaamka saa kumi alfajiri unakuta foleni ishapangwa na hakuna mtu, ni mawe, makopo, kandambili moja, kipande cha tofali, kila kimoja kina mwenyewe, na watu wanaheshimu. Ugomvi unaanza jua likitoka, mtu anadai lile jiwe la pili ni lake na mwingine anasema langu lilikuwa na rangi hii, watu wazima na akili zao wanabishania jiwe. Mama aliwahi kutumia kinu. Alisema kinu hakuna wa kukidai. Saa nne mlango unafunguliwa, watu ishirini wa kwanza wanapata, mlango unafungwa. Tulirudi na kinu chetu.

Na ule unga wa njano wa mahindi ya msaada, watu wakauita Yanga. Baba siku ya kwanza alikaa mbele ya sahani akaapa, mimi Simba damu siwezi kula Yanga. Mama akafunika sahani akaiweka kabatini bila neno. Saa nne usiku tukasikia kabati linalia kii. Asubuhi sahani nyeupe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza, ila yule fundi alimuamkia "habari za Yanga mzee" kwa wiki nzima.

Usafiri nao, we acha. Yale maikarus ya UDA, shirika la mabasi ya mjini, kumbakumba lenye kiuno cha mpira katikati, likikata kona pale Msimbazi waliosimama kwenye mpira wanazunguka kama wali kwenye chungu. Baadaye mabasi yakafa moja moja, tukaingia kwenye chai maharage, vigari vya mabenchi mmekaa mnatazamana magoti yamegusana na mtu usiyemjua toka Kariakoo mpaka Mwenge, mpaka serikali ikakubali yaishe na daladala zikaruhusiwa 1983. Mafuta ya gari nayo yalikuwa adimu mpaka Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi marufuku barabarani. Hiyo sasa, kwa kusema kweli, niliipenda. Barabara nzima inakuwa ya watoto na mpira wa makaratasi, na wachumba wanatembea katikati ya lami mpaka Mnazi Mmoja hakuna wa kuwapigia honi.

Mwaka huohuo 83 wakaja na msako wa wahujumu uchumi, watu wakaogopa mpaka wakawa wanatupa sabuni na sukari usiku, vitu tulivyovilalia foleni vimetupwa mtaroni. Na Nguvu Kazi, kijana asiye na kitambulisho cha kazi anakamatwa anarudishwa kijijini. Wewe kijiji chako kipi, umezaliwa Kariakoo? Ulikaa juu ya dari siku ile mdogo wangu, mchana mzima juu ya boriti na joto lile la bati, shangazi anakupitishia maji kwa upawa. Shangazi huyuhuyu wa miguu. Walipokuja aliwakaribisha, akawatilia chai isiyo na sukari, akawaambia hapa wanaume wote wapo kazini wanangu, na wewe juu unatokwa jasho linadondoka koridoni tone tone na yeye akaweka sufuria chini akasema bati linavuja. Mwezi wa masika haukuwa. Wakanywa chai wakaondoka.

Waziri Mkuu Sokoine alipokufa kwenye ajali kule Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984, mtaa ulilia wote, na waliolizwa na msako wake nao walilia, hilo nililiona kwa macho yangu sijui nilielezeje. Halafu akaja Mzee Mwinyi na ruksa zake, mitumba ikamwagika, jinzi, sabuni za harufu, dukani vitu vimejaa na mfukoni ndo hamna. Mie nikapata nafasi ya unesi nikaondoka, na kilichobaki unakijua kwasababu wewe ndo ulibaki.

Huku nina bomba langu na choo changu na jirani ambaye tumepakana ukuta kwa ukuta miaka mingi, jina la mbwa wake nalijua, lake mwenyewe nilikuja kulijua alipoletewa mzigo ukapokelewa kwangu. Silalamiki, nimeishi vizuri na nimesomesha watoto. Lakini akiniuliza mtu baba yako alifaidi nini, namwambia alifaidi watu. Alizikwa na watu waliojaza mtaa mpaka magari yakageuzwa njia, na nusu yao walikuwa wapangaji wa zamani na watoto wao, dada wa Urafiki alitoka Moshi usiku kwa basi.

Sasa nyumba. Ivunjwe. Usishangae, nimeshawaza. Udongo ule umechoka, nilipokuja mara ya mwisho niliegemea ukuta wa chumba cha fundi ukaniachia vumbi mgongo mzima, kushoto ghorofa kulia ghorofa jua haliingii tena uani, na mvua ikinyesha maji yao yote ya juu yanakuja kwetu. Mie sio wa kusema iachwe ili nikija likizo nipige nayo picha huku nyie mnatega ndoo. Sahihi yangu mtaipata.

Ila kuna mambo na hayo sipungui. Kwanza mkataba usomwe na wakili wetu sio wa yule bwana, na injinia wetu aje aangalie michoro na nondo, lile ghorofa lililoanguka Novemba 2024 hapohapo Kariakoo mliliona, watu zaidi ya 20 wamekufa wakiwa wameamka kwenda kutafuta riziki, sitaki jina la baba yetu liwe kwenye kitu cha namna hiyo. Pili hizo fremu mbili anazotoa ni kidogo mwambie nne, Kariakoo fremu ndo mali, flati za juu awape wanaozitaka. Tatu, na hili ndo kubwa, shangazi. Hiyo flati ya gorofa ya sita mliyomuandikia atapandaje na miguu ile, lifti siku umeme umekatika mtambeba nyie? Atafutiwe nyumba ya chini, Ilala au Magomeni alipo na watu wake wa kuzungumza nao, yenye uwani, ahamie kabla hata tofali moja halijaguswa, na kodi ya fremu ya kwanza iwe yake mpaka Mungu atakapomchukua. Iandikwe. Sio ya mdomo, iandikwe kwenye karatasi ya mirathi na wajomba wote watie sahihi mbele yako.

Na yule kijana mwenye kalkuleta, mpe kazi. Kabla ya kuvunja achukue simu yake aende na shangazi chumba kwa chumba amrekodi, nani alikaa wapi, nani alizaliwa humo, nani alifia humo, wapi alipitishia maji ya darini. Asimkatishe hata akizunguka.

Hati nitumie kopi kwa imeli, kurasa zote, sio picha ya wasap iliyokatwa nusu kama ile ya mwanzo. Hela ya wakili nitaituma pensheni ikiingia, na safari hii nipe risiti. Nisalimie wifi na watoto, na mke wa yule muuza mkaa kama bado yupo Buguruni, na umwambie shangazi Jumapili baada ya alasiri nitampigia, simu iwe na chaji.

Ni mimi dada yako,
Reading